Taa Moja Chini, Taa Moja Juu

Bwenini, 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako haukusumbui na kikohozi cha vumbi la unga kimepungua. Mimi ni mzima, ila mafua yamenizoea kama jirani.

Naleta barua hii kwa mkono wa dereva wa mkate. Amesema mnaonana kila anapokuja bekari kupakia, wewe ukishusha magunia ya unga, kwa hiyo itakufikia kabla haijapoa.

Baba, Mama ameniandikia jambo ambalo limeninyima raha. Anasema siku hizi ukirudi kazini huingii ndani. Unakaa kwenye ngazi umefumba macho, na ukiinuka unapapasa ukuta. Alipokuuliza ulimjibu kwamba unapunga upepo. Wewe hunyamazi hata usingizini, vipi leo ukae kimya ukipunga upepo?

Niambie ukweli. Nina miaka kumi na mitano sasa, naweza kuubeba.

Binti yako

---

Nyumbani, 11 Februari

Mwanangu, Mama Maswali,

Marahaba. Sisi huku tunaendelea vyema. Mama yako hajambo na ulimi wake haujambo. Hayo mafua yafukuze kwa maji ya moto.

Umeniuliza, nami sijui kukudanganya. Lakini barua hii uisome peke yako.

Lori liligonga nguzo mwaka jana, unakumbuka. Tajiri akaleta taa za mbele kutoka lori jingine bovu, fundi akazichomelea. Hazigeuki tena. Zinatazama juu, utadhani zinatafuta ndege. Hata nikipunguza taa, mwanga bado unampiga usoni anayekuja mbele yangu. Naye anafanya nini? Anadhani mimi ni mjeuri. Anawasha taa zake kali na kunirudishia. Ndivyo tulivyo madereva, ukinichoma macho nami nakuchoma.

Bekari inataka unga kabla ya alfajiri, kwa hiyo njia yote ni giza. Nyingine naiweza. Ile kona ya machimbo ya kokoto ndiyo inayonitisha. Pale tukikutana uso kwa uso, macho yangu yanajaa weupe na siioni barabara kabisa. Naenda kwa kukumbuka tu.

Wiki iliyopita, katika weupe ule, nilisikia kitu kikigonga ubavu wa kushoto. Ko! Nikasimama. Nikarudi na tochi, nikamulika mtaroni, nikaita. Hakuna mtu, hakuna damu. Niliona kandambili moja tu, ya buluu. Ilikuwa bado ina joto, au labda ni mkono wangu uliokuwa baridi, sijui.

Nimeiweka chini ya kiti. Sijamwambia Mama. Kila nikipita pale nasikia ule mlio tena.

Baba

---

Bwenini, 1 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini macho yako yamepata nafuu. Mimi sina homa, lakini tangu nisome barua yako moyo haukai mahali pake. Usiku nikisikia gari likipita nje ya ukuta wa shule, nakaza masikio mpaka lipotee.

Sikumwambia mtu habari ya kandambili. Nilimuuliza tu mwalimu wetu wa fizikia, mwanga ukipanda unawezaje kuinamishwa bila kuigeuza taa yenyewe? Akanitazama, akasema, "Umeuliza vizuri. Sasa jijibu." Akanipa ufunguo wa stoo ya maabara.

Kwanza nilitengeneza kitu cha kuweka kwenye kioo chako cha mbele, kikukinge na taa za wengine. Nilipokijaribu kiliziba na barabara pia, nikakitupa. Ndipo nikafikiri, kama wao wanakuchoma kwa sababu unawachoma, dawa ni kuinamisha taa zako.

Nimekata bati, nimelisugua kwa jivu mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikalikunja kama kiganja. Linakaa ndani ya taa, juu ya balbu. Kazi yake ni kuukamata mwanga unaopanda na kuurudisha chini, barabarani. Linaning'inia kwenye bawaba ndogo, na nyuma kuna skrubu. Ukikaza, linainama zaidi. Ukilegeza, linainuka. Mwalimu anakiita kiakisi. Wenzangu wananiita mimi Fundi Kibatari, lakini walikuja wote kutazama.

Simamisha lori mbele ya ukuta wa kinu unakopakia unga. Chora mstari wa chaki usawa wa kiuno chako. Zungusha skrubu kwa bisibisi mpaka mwanga wote ukae chini ya mstari.

Nimekuletea kimoja tu. Mwalimu ametufundisha kwamba katika jaribio unabadili kitu kimoja, kingine unakiacha, ili uone tofauti. Kifunge taa ya kulia, upande wanakopita wenzako. Ya kushoto iache ilivyo. Kisha uniandikie.

Binti yako

---

Nyumbani, 9 Machi

Mama Maswali,

Marahaba, mwanangu. Tu wazima wote.

Kibati kimefika ndani ya boksi la mkate, kina makombo. Fundi wa gereji alicheka. "Mzee, umeanza kuvalisha lori hereni?" Nikamwambia shika bisibisi, acha mdomo. Tulipowasha mbele ya ukuta alichuchumaa kuutazama mwanga. Mwanga wa kulia umeinama chini ya chaki kama mtoto aliyekaripiwa. Wa kushoto bado unatafuta ndege.

Leo nalala mapema. Kesho alfajiri naenda nacho. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile, naiwaza kona ya machimbo bila kuiogopa.

Baba

---

Bwenini, 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, sitauliza habari za nyumbani leo. Dereva wa mkate amekubali kunisubiri anapohesabu makreti.

KITOE KILE KIBATI. Kama lori limesimama, kitoe sasa hivi. Kama huwezi kukitoa, usiendeshe.

Jana jioni giza likiingia tulitumwa kufunga geti la uwanja, ng'ambo ya barabara. Kwa mbali niliona taa moja inakuja, nikamwambia mwenzangu, "Pikipiki hiyo, tuvuke." Tulikuwa katikati ya barabara tulipoona ni gari kubwa. Taa yake moja ilikuwa imefifia. Mwenzangu alinivuta kwa sketi.

Baba, ndivyo nilivyokufanya wewe. Kwa mbali taa yako ya kulia sasa haionekani sawasawa, na ya kushoto inawaka kali pembeni. Anayekuja ataona taa moja ukingoni mwa barabara. Ataona pikipiki. Ataipa nafasi ya pikipiki na kuja katikati, na katikati ndipo ulipo wewe.

Nilifuata nilivyofundishwa, nikabadili kitu kimoja. Lakini muda wote nilikuwa nimesimama nyuma ya taa, upande wako. Sikwenda hata mara moja kusimama upande wa yule anayekuja.

Dereva anapiga honi. Tafadhali, Baba.

Binti yako

---

Bwenini, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijui nitampa nani barua hii.

Leo hatukupata mkate. Tulipewa uji mtupu. Wenzangu waligonga vikombe kwenye meza na kuimba, "Mkate! Mkate!" Mpishi akatoka akasema, "Mnanigongea mimi? Bekari haina unga. Lori la unga halijafika."

Wakaendelea kuimba. Mimi niliacha uji wangu mezani nikatoka mbio.

Nimemwomba mwalimu mkuu apige simu kinuni. Alipiga mbele yangu. Ililia, ililia, hakuna aliyepokea. Akasema, "Wana kazi tu, binti." Kisha akapiga tena bila mimi kumwomba, na hapo ndipo niliogopa kweli.

Ninaandika ili mkono uwe na kazi. Nikiacha kuandika nasikia, ko.

Binti yako

---

Nyumbani, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko, anayeandika ni mama yako. Mimi natamka tu. Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta, lakini mdomo umebaki mzima, kwa bahati mbaya ya mwandishi.

Nipo. Anza na hilo, uvute pumzi, kisha usome mengine.

Barua yako ya kunikataza nilisomewa nikiwa kitandani. Jambo lenyewe lilikuwa limetokea siku ile ile ulipoiandika, kabla hujaamka. Siku mbili za mwanzo nilipita salama, nikakusifu njia nzima. Siku ya tatu, pale machimboni, basi lilitokea kwenye kona. Nilishangaa kuona linakuja katikati bila wasiwasi, kama vile mimi sipo. Nilikata kushoto. Kioo cha pembeni kikaenda na basi. Lori likapanda rundo la kokoto na kulala ubavu, kwa upole zaidi kuliko nilivyotarajia.

Dereva wa basi alirudi mbio, ameshika kichwa. "Mzee wangu, niliona taa moja! Nilijua pikipiki!" Hakuwa amelewa wala hakuwa na haraka. Aliona ulichosema ataona.

Na mimi, miaka yote barabarani, kuna dereva asiyejua kwamba taa moja ni pikipiki? Najua kuliko unavyojua wewe. Lakini nikiwa nimekaa ndani, siuoni uso wa lori langu. Tulitazama ukuta na chaki, mimi na fundi kwa macho, wewe kwa barua, tukafurahi. Kwa hiyo kama ni kosa tuligawane, na fungu kubwa liwe langu.

Sasa sikiliza hili. Magunia yalikuwa yamepasuka. Nilitoka dirishani nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi kiatu. Mtu mmoja alikuwa anashuka kutoka vibanda vya wapasua kokoto kuja kusaidia. Aliponiona akapiga ukelele akageuka kukimbia. Nikamwita, "Ndugu yangu, usiogope, ni unga!" Akasimama. Akalitazama lori. Akasema, "Wewe! Si ndiye uliyenirusha mtaroni? Nilikupiga ubavu kwa fimbo ili ujue kuna binadamu, nawe ukaja na tochi. Nikajua unakuja kunigombeza, nikapotelea kwenye mawe. Kandambili yangu iko wapi?"

Mwanangu, nililia. Mkono umevunjika, sikulia. Nimeulizwa kandambili, nikalia kama mtoto. Nilimwambia itafute chini ya kiti. Aliitoa, akaikung'uta unga, akaivaa, ndipo akanibeba.

Hapa mwandishi anaongeza neno lake. Habari ya kandambili naisikia leo hii, nikiwa nimeshika kalamu. Zaidi ya mwezi mmenificha, baba na mtoto! Akipona tutazungumza. Nawe kula, usikonde. Mama.

Baba

---

Bwenini, 10 Aprili

Wazazi wangu wapendwa,

Shikamooni. Mama, nisamehe. Baba, mkono unakuwasha ndani ya plasta? Usiukune kwa bisibisi, nakujua.

Nilisoma barua yenu nikiwa nimejifungia stoo ya maabara. Nilipofika kwenye neno "nipo" nililisoma mara tano kabla ya kuendelea.

Mama ameniandikia baadaye kwamba tajiri amelinyoosha lori na taa ni zile zile. Amesema pia kwamba utarudi kazini, kwa sababu ndiyo kazi yako. Nilitaka kukuomba usirudi. Nimeandika ombi hilo na kulifuta.

Badala yake nimetengeneza viwili. Safari hii mwalimu alishika tochi mbili kubwa kwenye ubao, umbali sawa na taa za lori, nami nikaenda kusimama mwisho wa uwanja giza likiingia. Nilikaa upande wa yule anayekuja. Tulijaribu jioni nyingi. Zikiinama zote kupita kiasi, lori linapotea kabisa, na hilo nalo linatisha. Kwa hiyo nimeacha tundu dogo kila upande, mwanga kidogo unapita mbele bila kuchoma. Kwa mbali naona nukta mbili. Nikaziona mbili kila mara. Mwenzangu aliyenivuta kwa sketi naye aliziona mbili.

Vifunge vyote viwili, au usifunge hata kimoja. Na kabla hujaondoka, mwombe mtu asimame mbali barabarani, uso kwa uso na lori, akuambie anaona nini. Usimwombe fundi, atakutania. Mwombe Mama.

Bado naogopa, Baba. Nimeona bora uijue hofu yangu kuliko nikufiche.

Binti yenu

---

Bekari, 2 Juni

Mwanangu, Mama Maswali,

Marahaba. Mkono umepona, mwandiko bado unachechemea. Nakuandikia juu ya gunia, dereva wa mkate ananisubiri.

Jana jioni Mama yako alisimama mwisho wa barabara yetu, amejifunga kanga kiunoni kama askari. Nikawasha. Akapaza sauti mpaka majirani wakatoka: "Mbili! Naziona mbili! Na hazinichomi!" Akaniamuru nizime niwashe tena, kisha tena.

Alfajiri hii nilipokaribia kona, nilitamani kurudi nyuma. Sitakuficha. Niliona mwanga unapanda nyuma ya mawe, nikajua ni lori kubwa. Likatokea. Nikangoja ule weupe.

Dereva akapunguza taa zake.

Tulipishana kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Niliiona barabara yote, niliona na ukingo wake, niliona mpaka majani. Na mbele kidogo, upande wa kushoto, nilimwona mtu anatembea kwenda machimboni. Nilimwona kutoka mbali sana, mwanangu. Nilikuwa na nafasi ya kupunguza mwendo na kumpisha.

Aliinua fimbo yake kunisalimu. Miguuni alikuwa na kandambili zote mbili.

Mkate wa leo mle bila wasiwasi.

Baba