Mbavu Zangu na Mikono ya Mama Mkwe

Makambako, penye njia panda

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, nataka kujua habari za goti lako, kama bado linakusumbua ukipanda kutoka ziwani, na kama baba anakohoa vile vile au amepata nafuu. Huku mtoto hajambo, ananyonya na kunenepa mpaka shingo haionekani. Mume wangu Yohana yuko safarini na lori, amekwenda Iringa kupeleka mahindi ya tajiri wake. Mimi nakuandikia nikiwa nimekaa wima kama askari, maana nikiinama tu mbavu za kushoto zinanikata, na hiyo ndiyo habari ya barua hii.

Najua yule mwalimu wa misheni aliyepita hapa akielekea Ludewa amekwisha kukufikishia maneno yangu, kwamba kaka aje atuchukue mimi na mtoto kabla sijauawa. Nilisema hivyo na nilikuwa na sababu. Lakini usimruhusu kaka aondoke mpaka uisome barua hii yote, kwa sababu tangu mwalimu apite yametokea mengine.

Unakumbuka nilitaka kujifungulia kwako. Yohana akakataa, akasema ile milima ya kushukia Manda si ya mwenye mimba, akamwita mama yake kutoka Njombe aje aniuguze. Nilimtilia shaka siku ile ile aliyoshuka kwenye lori. Alikuja na furushi la majani na chungu chake mwenyewe, kana kwamba nyumba yangu haina chungu. Akanisalimu kamwene, nami nikaitikia kamwene, na Kibena changu kikaishia hapo. Kiswahili chake naye ni cha kununulia chumvi. Basi tukawa tunaangaliana tu. Wabena wenzake wa jirani wakija kumtembelea wanazungumza, wananitazama, wanacheka. Wewe unanijua, mama, mimi si mtu wa kuamini kwamba watu wananicheka kwa wema.

Nilipojifungua akaanza kunikanda. Huku kwao mzazi anakandwa asubuhi na jioni, kama kwetu, ila yule mama maji aliyatoa motoni yakiwa bado yanachemka, akachovya kitambaa, akakikamua kwa mikono mitupu, akanibandika tumboni. Ngozi ikatoka malengelenge. Yeye mikono yake haikutetemeka. Nikasema moyoni, huyu si mtu wa kawaida. Akimaliza maji ananilaza kwenye mkeka, anapanda kwa kiganja kutoka kiunoni mpaka mbavuni, anaweka na kiwiko, anakandamiza kwa uzito wake wote, na ule mwili wake unaujua, nilikueleza. Kila akikandamiza ananikodolea macho usoni. Nilidhani anataka kuona nitashindwa lini. Nami nikauma kanga, nikamtazama vile vile, sikutoa sauti hata kidogo.

Jioni moja ubavu ukalia ko, kama kijiti cha kuwashia moto. Nilisikia mimi peke yangu. Yeye akaendelea.

Kilichonitisha zaidi ni mtoto. Tangu azaliwe, bibi yake huyo hajampokea mikononi hata mara moja. Nikimpa, anaficha mikono ndani ya kanga, anasema nimlaze tu kitandani atamwangalia. Bibi gani hambebi mjukuu wake wa kwanza, tena wa kiume? Nikajua anaona mtoto si wa kwao, hafanani nao, na anataka mimi nife ili mwanawe aoe Mbena. Hayo ndiyo niliyomwambia mwalimu akuletee.

Pumzi zilipoanza kukatika Yohana akanipandisha kwenye lori mpaka zahanati moja kule Njombe. Kila shimo la njia ile nililitambua kwa mbavu zangu. Dresa anayetibu pale akanibonyeza, akanisikiliza nikivuta pumzi, akasema ubavu umepata ufa na mwingine umetonesheka. Akauliza nani amenipiga. Nikamwambia sikupigwa, nilikandwa. Akacheka kwa pua. Akasema amekaa kazini miaka mingi, na kila mwanamke aliyevunjwa mbavu alianguka au alikandwa. Akamwita Yohana ndani, akamwambia mbele yangu kwamba nikirudi tena na ubavu mwingine, habari itafika kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya. Yohana hajawahi kuninyanyulia mkono, mama, hilo unalijua. Alisimama pale ameshika kofia yake.

Dresa akanifunga bandeji pana kuzunguka kifua, tukarudi. Njia nzima Yohana hakuniangalia. Tulipofika hapa nyumbani akaniuliza nilimwambia dresa maneno gani kabla hajaitwa yeye ndani. Nikamjibu kwamba nilimwambia ukweli, na kama anataka kujua zaidi amwulize mama yake. Akasema nimemchukia mama yake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hata mbavu nimezitafutia mwenyewe. Kesho yake akapanda lori, na nikabaki tena na yule mama. Sikukubali anikande. Nililala na mtoto upande wa ukutani, na kila alichopika nilingoja ale yeye kwanza.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi mchana. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi, mimi niko ndani namwangalia, maana nilikuwa nimejiwekea kazi ya kumwangalia. Kisu kikateleza kikaingia kwenye kidole. Damu ikatoka, ikatiririka juu ya viazi, ikadondoka kwenye sufuria. Yeye anaendelea kumenya. Anaimba wimbo wa kanisani polepole na anaendelea kumenya. Nilingoja ashtuke, hakushtuka. Mwishowe nikasema, "Mama, damu."

Akatazama chini. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akanitazama mimi, akaona kwamba nimeona. Akaweka kisu. Akaanza kuongea, na sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi vile ya Kiswahili tangu aje.

"Mikono hii haisikii, mwanangu. Tangu mvua zilizopita. Moto haisikii, kisu haisikii. Nikikukanda sijui nimekaza au bado. Nilikuwa nakuangalia uso, nangoja ulie nijue nimefika. Hukulia. Nikasema basi, bado."

Mama, nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Kwa maana ni wewe, siku uliyoniaga pale Manda, uliyenishika bega ukaniambia mtoto wa kwetu akikandwa ukweni halii, wasije wakasema watu wa ziwani tumelelewa kwa dagaa na uvivu. Nikalishika neno lako mpaka mbavu zikavunjika.

Nikamwuliza kuhusu mtoto. Akasema angembebaje mtoto mtu asiyejua amembana kiasi gani. Halafu akautaja ugonjwa wenyewe, ukoma, kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu. Baba yake mzazi alikufa nao. Anaogopa dresa akijua atapelekwa kambi ya wagonjwa asirudi, na tajiri wa lori akisikia atamfukuza Yohana kazi. Ndiyo maana hata mwanawe hajui. Alijitolea kunikanda kwa sababu angekataa, watu wangeuliza kwa nini.

Sitakudanganya, sikumwamini papo hapo. Nilijiambia mzee huyu ametunga, amesikia dresa ananusanusa, anatafuta pa kujifichia. Nikamwambia basi afumbe macho na anipe mkono. Akafumba. Nikauchukua ule mkono usio na jeraha, nikaukanda vile alivyokuwa akinikanda mimi, kwa kidole gumba, katikati ya kiganja. Uso wake haukubadilika. Nikakaza. Nikaweka magoti chini nikakandamiza kwa nguvu zangu zote mpaka mbavu zikaniwaka na jasho likanitoka, huku namtazama usoni kama alivyonitazama.

Akauliza, "Umeshaanza?"

Hapo nilianza kulia, mama, kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekibana tangu siku ya kwanza ya mkeka. Kulia kwenyewe kunauma ukiwa na ubavu mbovu. Yeye akafumbua macho, asijue anishike au aniache.

Sisemi kwamba shaka imeniisha. Bakuli lake nimelitenga, na ameona nimelitenga. Mtoto nalala naye bado ukutani. Nauogopa ugonjwa wake, na namwonea huruma, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja tumboni mwangu. Lakini Yohana hawezi kubaki mpiga mke machoni pa watu kwa jambo ambalo hakulifanya. Lori likirudi Yohana atatupeleka Njombe, mimi na mama yake, nami nitamwambia dresa mbavu hizi zilivunjwa na nini na kwa nini. Nilimweleza hivyo. Akaomba jambo moja tu, kwamba mwanawe asikie kutoka kwake yeye, njiani, kabla hatujafika. Nimekubali. Wakimchukua, wamchukue mwanawe akiwa amejua.

Kwa hiyo kaka asije kunichukua. Kama ameshafunga mzigo, aje na samaki wakavu na atuone, halafu arudi kwake.

Nisalimie baba, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie bibi anayekaa kwa shangazi, na mke wa kaka, na yule mama jirani aliyenisuka siku ya harusi. Wadogo zangu wawili wabusu mashavuni. Na utakapowakalisha kuwafunda, kwa ajili ya ukweni, waambie wakiumia walie.

Mimi mwanao ninayekaa wima,

Estela