Lakad ya Baba

Lipa, 8 Oktoba

Kaka yangu Anselmo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kuwait, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi hatujambo, ila Baba goti linamsumbua, nami usingizi umenipaa.

Ninaandika kwa sababu ya Baba. Tangu Juni, kila Jumapili baada ya misa, anapaka nywele mafuta, anavaa shati lake la kuendea harusi, anasema ana lakad, basi. Unajua neno hilo kwetu lilivyo na tumbo kubwa. Kutembea kwa miguu ni lakad. Anayehangaikia karatasi za shamba ofisini ana lakad. Anayekwenda kuonana na mpenzi, lakad. Na anayetumwa kumbembeleza msichana kwa niaba ya rafiki yake, hiyo nayo ni lakad. Shangazi Pacing alisema mzee kapata mjane. Mimi nilihofia anauza shamba kimya kimya, au anakwenda kwa daktari na kutuficha ugonjwa.

Jumapili iliyopita nilimfuata. Alishuka Ibaan, akachechemea mpaka kwa wakwe zako. Hakukaribishwa. Alisimama nje ya lango, kofia mkononi, na wali wa kunata aliofunga mwenyewe kwa majani ya mgomba. Mimi nilijibanza nyuma ya duka la jirani. Mama mkwe wako alimwambia atawachosha, hata mbwa wameacha kumbwekea. Baba akacheka kidogo, akasema basi mbwa wamemzoea. Kisha akapaza sauti kuelekea dirisha la mkeo:

"Salud, mwanangu, sijaja kumtetea Anselmo. Nimekuja kumwombea msamaha. Kama amekosa, nilaumu mimi."

Dirisha halikufunguka. Baba akauacha wali juu ya nguzo ya lango, akageuka.

Kaka, keti kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Mara tatu umeniuliza kwa nini mkeo aliondoka na kwa nini anakurudishia barua bila kuzifungua. Mara tatu nimekujibu sijui. Najua. Barua yako ya Aprili niliisoma kwa sauti, maana Baba macho hayaoni tena mwandiko, na Salud alikuwa karibu akimenya maharage. Mwisho wa ukurasa wa kwanza uliandika: "Kesho nina lakad na Delia." Mikono ya Salud ilisimama. Mimi nikafunua ukurasa wa pili, nikaona ulivyoeleza kwamba Delia ametoroka kwa mwajiri anayempiga, hana pasipoti, na wewe na wenzako mnampeleka ubalozini. Nikaukunja. Nikasema barua imeishia hapo.

Wiki ile Salud alikuwa amenicheka mbele ya majirani, kwamba nina miaka thelathini na minne na hakuna mwanaume aliyewahi kumtuma mtu kunifanyia lakad. Nilitaka naye aumie siku mbili tu. Siku ya pili alikuwa ameshafunga mizigo, nami nikaogopa kusema. Kadiri nilivyokaa kimya ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Jumanne nilikwenda Ibaan na ule ukurasa. Salud alitoka, akausoma mara mbili amesimama. Akaniuliza nimekuwa nao tangu lini. Nikamwambia tangu Aprili. Nilingoja anipige. Alisema tu, "Na ukamwacha mzee asimame juani."

Akaingia ndani na ile karatasi. Sijui kama atakuandikia, wala kama wewe utaniandikia tena. Baba bado hajui. Kesho ni Jumapili. Nitafuatana naye, na nitamwambia njiani kabla hatujafika langoni.

Shangazi Pacing anakusalimu, na Baba anasema usiache kula. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba tu jibu, hata la matusi.

Mdogo wako,
Remedios