Waliomchukia Rin

Jumamosi, 5 Agosti

Nina hasira tangu asubuhi. Sindano imenichoma mara mbili, na mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kuchomwa na sindano.

Jana wameonyesha ile sehemu ya tamthilia. Rin, kiranja wa darasa, anawaona Chon na Thiu wameshikana mikono juu ya paa la shule, anakwenda kumwambia mwalimu mkuu. Baba yake Chon anakuja, anampiga mwanawe mbele ya wenzake, anamhamisha shule. Basi. Tamthilia ya wavulana wanaopendana, na katika tamthilia lazima awepo wa kuharibu. Rin ni mtu wa kwenye karatasi. Ila sura ya Rin ni ya Bua wetu — binti wa marehemu dada yangu, tuliyemlea mimi na Wirot tangu meno ya utoto hayajamng'oka.

Leo simu yake haishikiki kwa matusi. Nyoka. Mchawi. Adui wa mapenzi. Mmoja amemwombea agongwe na lori, na mwishoni akaweka picha ya moyo. Moyo!

Mchana amekuja binti wa sekondari kupimwa sketi ya shule. Begi lake limejaa beji za Chon na Thiu. Nimepiga magoti nampima, huku anamsimulia mwenzake kwamba yule Rin wakikutana barabarani atamtemea mate. Nikamuuliza kwa upole, kakukosea nini? Akanitazama kana kwamba nimeachwa nyuma na dunia. Akasema yeye anawatetea watu wanaopendana, fundi, na kama mimi ni mzee wa kizamani sitaelewa.

Sitaelewa.

Nimemwandikia vipimo sahihi, sikumbana hata kidogo kiunoni. Nastahili nishani.

Jumapili, 6 Agosti

Bua amepiga simu kutoka Bangkok. Anajifanya anacheka. Ati mjomba, wakinichukia maana yake nimeigiza vizuri. Wirot akaninyang'anya simu, akamuuliza amekula nini. Kisha tukamsikia anapenga kamasi.

Hajala. Anaogopa kushuka chini ya jengo lake kununua wali. Muuza wali ana binti, na binti ni shabiki.

Wirot akarudi mezani. Amekaa anasahihisha hesabu za wanafunzi wake, kalamu nyekundu inakwaruza karatasi kama kucha za paka. Namtazama na ninazidi kuwaka. Huyu ndiye aliyekwenda kwa msusi wa sokoni, mwanaume mzima na suruali yake ya ualimu, akasimama nyuma ya kiti kujifunza kusuka nywele, ili mtoto asiende shule na kichaka kichwani. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akauliza tu, sasa hii ya tatu inapita juu au chini?

Mtoto aliyelelewa na mikono hiyo, leo ni "adui wa mapenzi."

Jumatano, 9 Agosti

Wametufikia. Kuna aliyegundua duka ni la mjomba wake. Mtandaoni nimepewa nyota moja moja na watu ambao sijawahi kuwashonea hata kifungo. "Mashati yake yanachanika." "Ana mdomo mchafu." Mwingine yuko Chiang Mai! Shati langu limemfikaje huko?

Asubuhi tumekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa chuma. NYUMBA YA WANAOCHUKIA MASHOGA.

Wirot akaisoma. Akaisoma tena. Akaanza kucheka, cheko la kweli, mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaleta maji na kisu, akaibandua kabla hajaenda shule. Mimi sikucheka. Mama Sompit, wa duka la wali la hapa mtaani, alikuwa anatazama toka upande wa pili. Akaniambia pole kwa vijana wa siku hizi, na akauliza kama mpangaji wangu amechelewa kazini.

Mpangaji. Miaka ishirini kasoro. Yeye anajua, mumewe anajua, mtaa mzima unajua, na wote kwa adabu wanamwita mpangaji. Nilishazoea. Leo neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, 12 Agosti

Siku ya Mama.

Bua amekuja na basi la asubuhi, barakoa usoni, kofia mpaka nyusi. Amekonda. Akatoa mashada mawili ya yasmini, akapiga magoti pale sakafuni kati ya mabaki ya vitambaa, akainamisha kichwa miguuni kwetu, kama kila mwaka tangu mama yake, Orathai, afariki. Kwanza mimi, halafu Wirot. Wirot huangalia dari kila mara ili asilie. Leo dari haikumsaidia.

Tulipokuwa tunakula ndipo akasema. Kuna mtu amemwandikia leo, siku ya leo, kwamba mama yake alifanya vizuri kufa mapema asione aibu hii. Alisema kama anayesoma bei ya nyanya. Kijiko changu kikaanguka.

Na bado. Kampuni ya tamthilia inataka aombe radhi. Video fupi: nguo nyeupe, hana vipodozi, apige magoti aunganishe viganja, awaombe mashabiki wamsamehe kwa alichomfanyia Chon. La sivyo watamkata kwenye sehemu zilizobaki, na tangazo la sabuni aliloahidiwa limeshaanza kuyumba.

Nikauliza amwombe nani? Chon? Chon hayupo! Aliyeigiza Chon alimnunulia Bua chai ya maziwa walipomaliza kurekodi, tunayo picha. Na nani aliandika maneno ya Rin? Si haohao kampuni? Wao wampe jiwe mkononi, wao wamwambie rusha, halafu wao wamfikishe mahakamani!

"Mjomba, nguvu za kubishana sina," Bua akasema. "Nitapiga magoti tu. Dakika moja itakuwa imeisha."

Wirot akamjibu taratibu. Akasema magoti aliyopiga asubuhi yana maana. Hayo mengine asiyachanganye nayo.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimefanya jambo.

Leo bado ni mapumziko ya Siku ya Mama. Bua amerudi Bangkok, Wirot amekwenda kwa dada yake kule Photharam. Nimebaki dukani peke yangu na simu, nasoma. Kila ninayemsoma anazidi aliyetangulia. Halafu nikamkuta mmoja, maneno ya upole kabisa, bila tusi: "Mtu aliyelelewa nyumba yenye upendo hawezi kuigiza chuki vizuri hivi."

Damu ikanipanda. Nikaandika. Nikaandika kwa jina langu. Kwamba mimi ni Anek, fundi wa sare za shule, Ratchaburi. Kwamba mtoto huyu amelelewa na wanaume wawili wanaopendana, chini ya paa moja, wakati nyie mnaomtukana mlikuwa hamjazaliwa au mko kwenye nepi. Kwamba sisi hatukupigiwa makofi na mtu, hatukubandikwa kwenye begi la mtu. Tulifunga mlango tukaishi. Kwa hiyo msitufundishe.

Nikatuma.

Nilihisi raha kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Jumatano, 16 Agosti

Wamegeuka. Wote, kama samaki kwenye bwawa wakitupiwa mkate. Wanalia, ati. Wanaomba radhi, ati. Nyota tano duka zima. Mtu wa Chiang Mai sasa anasema mashati yangu ni imara!

Wamefukua picha yetu ya sherehe za hekalu, ya mwaka juzi, mimi na Wirot tumekaa na miwa mikononi. Wametupa jina moja, nusu langu nusu lake, kama wanavyowafanyia Chon na Thiu. Wanabishana nani kati yetu ni mume. Kuna aliyetuchora. Kanipunguzia kitambi.

Nilidhani hasira ya wiki iliyopita ndiyo hasira. Kumbe ile ilikuwa ya kujipasha moto.

Wirot karudi jioni kutoka shule, akavua viatu, akakaa. Akaniambia kwamba alipoingia darasani wanafunzi walisimama wakampigia makofi. Wengine walikuwa wanarekodi. Alisimama na chaki mkononi hajui atazame wapi. Baadaye mwalimu mkuu alimwita. Hakumfokea. Alimwagizia hata chai. Akasema tu kuna wazazi wameuliza-uliza.

Nikaanza kujieleza. Bua, matusi, Siku ya Mama. Akaniacha nimalize.

"Hukuniuliza," akasema.

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Na mimi nilikuwa na hasira. Ila siri uliyoitoa nje si yako peke yako, Anek."

Akachukua mto akaenda kulala chumba cha Bua.

Alhamisi, 17 Agosti

Bi Nattha wa kampuni kapiga simu. Sauti kama sharubati. Ile video ya kuomba radhi isahauliwe kabisa. Sasa wanataka sisi. Mimi, Wirot na Bua, hapa dukani. Tupike pamoja. Tushikane mikono kidogo, kawaida tu, mjomba, kama mnavyofanya siku zote. Tangazo la sabuni litarudi, na pengine na sisi tutakuwemo.

Nikamwambia hatujawahi kupika pamoja, Wirot huunguza hata maji. Akacheka, akasema hiyo ndiyo nzuri, mashabiki wataipenda.

Nikakata simu. Nikampigia Bua. Alishaambiwa, na alishakataa. Alisema siwauzi nyie, mjomba, bora nirudi kushona vifungo. Nikamwambia vifungo vyenyewe hukuwahi kushona vikakaa. Tukacheka kidogo. Kisha akauliza Mwalimu anasemaje. Nikamwambia, Wirot analala kwenye kitanda chako.

Jumamosi, 19 Agosti

Wirot aliondoka na pikipiki alfajiri, hakuaga. Naandika hapa juu ya meza ya kukatia, mkasi nimeuweka kando.

Yule binti wa sketi amerudi. Kaleta keki. Machozi yanamtiririka, ati fundi nisamehe, sikujua, nyinyi ni watu halisi. Nikamuuliza, na Bua? Akasema Bua ni sawa sasa, amemsamehe. Rin ndiye bado anamchukia.

Amemsamehe. Bua kasamehewa na mtoto wa sekondari!

Nikampa sketi yake. Hakuondoka. Akachungulia nyuma yangu, kwenye ngazi, akauliza: "Na yule mwingine yuko wapi?"

Kama ningejua, ningekuwa nimeshamfuata.

Sasa mashabiki wako nje. Kumi, labda zaidi, wameketi kando ya barabara na maua na bango lenye lile jina letu la kuunganishwa. Mama Sompit anawauzia wali. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na kwamba Wirot anapenda kari ya kijani isiyo na biringanya. Amemwita Wirot. Hakusema mpangaji.

Nilichukua fimbo ya kuvutia mlango nifunge duka. Ndipo nikamwona.

Yuko upande wa pili, kwenye pikipiki, kofia ngumu bado kichwani. Mkobani ana majani ya vitunguu, kwa hiyo alipita sokoni, kwa hiyo anarudi nyumbani. Wasichana wamempa mgongo. Simu zote zimeelekezwa kwangu. Wanayemsubiri yuko nyuma yao hatua chache na hakuna anayemjua.

Ananitazama. Amezima injini. Ameinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, kidogo tu, kiganja wazi — sijui ananizuia au ananiita.

Fimbo ninayo mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Binti wa sketi ameanza kugeuka kuona ninatazama nini.