Firigisi ya Mzee

Kitale,
Jumapili mchana

Kwako mke wangu, Mama Sharon,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mko aje hapo kwenu Matulo? Kile kikohozi kimemwacha Sharon, au bado anakoroma kama babake? Na mdogo wake ameanza kusimama, ama angali anatambaa akila udongo? Mimi mwili ni mzima. Ni uso tu ndio sina.

Najua umeshangaa kuona karatasi badala ya simu. Simu unayotumia ni ya mama yako, na yeye akipokea huongeza sauti hadi boma lote lisikie. Haya ya leo siwezi kuyasema mama mkwe akisikiliza. Hata kuyaandika nimeanza, nikachana, nikaanza upya.

Ujumbe wako niliupata: "Baba amerudi kutoka kwako, anakaa tu kimya. Nije ama nisije?" Basi ngoja nikueleze kile Mzee hataki kusema.

Unakumbuka sharti alilotoa alipokuja kuwachukua, wewe na watoto, baada ya kazi yangu ya Webuye kuisha. Alisema hutatoka kwake mpaka aone kwa macho yake mahali utakapolala na chakula utakachokula. Sikumlaumu, mimi pia nina binti. Ila mimi na wewe tulikubaliana aambiwe nimepata kazi ya bekari, tukaachia hapo. Nani angethubutu kumwambia mkwe kwamba mwanamume aliyepakwa matope ya mtoni na kusimama imara mbele ya kisu cha tohara sasa anafunga aproni ya maua na kuwaokea mbwa biskuti? Wewe mwenyewe ulicheka mpaka simu ikakuanguka.

Kazi yenyewe, nikwambie ukweli, nimeizoea. Mama Njeri, huyu tajiri wangu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, aliniajiri nilinde geti. Msichana aliyekuwa akimwokea alipoolewa, nikaitwa jikoni nisaidie kuponda malenge, na sijatoka mpaka leo. Tunachemsha maini na firigisi, tunasaga, tunachanganya na malenge, mayai na unga. Chumvi hakuna, sukari hakuna, kitunguu ndicho marufuku kabisa, maana kinadhuru mbwa. Nasukuma kama chapati, nakata kwa kibati chenye umbo la mfupa, halafu naacha kwenye oveni moto mdogo mpaka zikauke kau. Watu wenye mbwa wa kufugwa ndani ya nyumba wanazipigania. Na sheria ya jikoni ni moja: kuku yeyote akichinjwa hapa, maini na firigisi huingia kwenye sufuria ya mbwa kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee alipotuma habari kwamba anakuja, Mama Njeri alifurahi kuliko mimi. Akasema, "Wanjala, mkwe si mgeni wa chai. Nunua jogoo, mimi nitapika. Wewe kaa na yeye mwongee kama wanaume." Nikanunua jogoo mwekundu, mzito. Nikamchinja mwenyewe, nikamnyonyoa, nikampasua. Akili yangu yote ilikuwa kwenye chumba: nimefagia vizuri? Shuka inatosha kitanda? Mikono ikafanya ilivyozoea. Ikatoa firigisi, ikaiosha, ikaitumbukiza kwenye sufuria ya mbwa. Sikushtuka hata kidogo. Nilimkabidhi Mama Njeri nyama, nikarudi jikoni kwangu kusaga na kukata, nikaweka trei ndani ya oveni, nikaenda kuoga.

Mzee akafika, akakagua chumba. Alibonyeza godoro, akatazama dirisha, akatikisa kichwa vile hufanya akiridhika. Nikaona tayari umeshafika, Mama Sharon. Nikaona watoto wakicheza uwanjani hapo nje.

Mama Njeri akaleta chakula, akabaki kutuhudumia. Mzee akaomba, tukanawa. Akachukua kijiko akawa anageuza vipande, anageuza, ananiangalia, anageuza tena. Ndipo nikajua.

"Wanjala," akasema polepole, "hii kuku ilizaliwa bila filigisi?"

Nikajifanya namega ugali. Laiti Mama Njeri naye angenyamaza! Lakini yeye hakujua uzito wa swali. Akajibu kwa furaha zake, "Ai, Mzee, hiyo iko kwa oveni! Wanjala alishaisaga na biskuti za mbwa. Huyu kijana wako ni fundi, hata mimi ananishinda."

Mke wangu, nimewahi kuona aibu. Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya watu, na nimewahi kusimama getini baba yako akiondoka na wewe. Hakuna iliyofikia hiyo. Baba mzima amesafiri kuja kuona kama binti yake atakula, na firigisi, kipande ambacho hata mtoto mdogo wa kwetu anajua ni cha mzee anayeheshimiwa, nimewapa mbwa wa watu. Mbwa ambao hata hawako hapa! Nilitamani niingie chini ya meza.

Mama Njeri alipoona nyuso zetu ndipo akauliza, na nilipomweleza akashika mdomo. Akasema atatuma mtu sokoni sasa hivi alete firigisi nyingine, hata kumi. Mzee akamwambia kwa upole, "Hapana, mama. Filigisi ya mgeni hainunuliwi. Inatoka kwa kuku yenye imechinjiwa yeye." Halafu akala ugali na sukuma wiki. Kuku hakumgusa. Mimi nilitafuna kipande kimoja nikihisi kama natafuna kitambaa.

Asubuhi akataka aone ninapofanyia kazi. Ningemkatazaje? Nikampeleka, nikatoa trei. Akasimama akiitazama ile mifupa ya unga iliyopangwa.

"Kwa hivyo yangu iko hapa ndani?"

"Iko, Mzee. Lakini imechanganyika. Siwezi kujua iko kwa gani."

Akachukua moja. Nilidhani anataka kuinusa. Akavua kofia, akaiuma ile biskuti. Unajua meno ya baba yako yalivyobaki machache, na hizi biskuti ni ngumu. Alitafuna muda mrefu, mimi nimesimama na trei mkononi, siwezi kumzuia na siwezi kumtazama.

"Haina chumvi," akasema.

"Mbwa hawawekewi chumvi, Mzee."

Akamaliza yote. Akakung'uta makombo kwenye koti, akavaa kofia yake. "Haya. Nimekula yangu." Alinipa mkono, lakini sikuweza kuinua macho nione ameupeana kwa uso gani. Kama alinisamehe au alinihukumu, mpaka leo sijui, na kumbe hata ninyi hajawaambia.

Mama Njeri ananiambia nisijali, ni nyama tu. Ana roho nzuri, lakini hakukulia kwetu. Tangu siku hiyo, kila nikishika kibati cha kukatia naliona taya la Mzee likitafuna.

Nisalimie mama mkwe kwa heshima na kwa mbali, kama inavyotakiwa, wala usimsomee haya. Msalimie shemeji, yule mwalimu wa nasari, mwambie namshukuru kwa kumnunulia Sharon sweta. Shangazi yako anayewakamulia maziwa pia umsalimie. Mzee sijui nimtumie salamu gani. Mwambie tu nimeuliza kama alifika salama, na kama meno hayamwumi.

Sasa swali lako. Nimelizunguka barua nzima kwa sababu naona haya kukujibu. Nikisema njoo, nitakuwa nakuita mahali baba yako alipokosa heshima yake. Nikisema usije, nitakuwa nimewapa mbwa wa watu firigisi ya Mzee, halafu nikawapa na mke wangu na watoto wangu pia. Hiyo siwezi. Piga magoti umwombe ruhusa, na akikuuliza utakula nini huku, mwambie hujui, lakini utakula na mume wako.

Njoo.

Mimi mumeo mwenye haya,
Wanjala