Kichwa Changu Kwenye Stesheni ya Ruvu

Mtani wangu Kondo,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, udongo niliushindilia mwenyewe. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima akiachwa bila wa kumtukana.

Kwanza nikupe taarifa ya mazishi yako, maana ulikuwepo lakini hukuwa makini. Pale kijijini kwenu Kurui nilifanya kazi yote ya utani, sikubakiza kitu. Nilivaa kanzu yako na ndala zako, nikatembea kwa ule mwendo wako wa bata aliyeshiba, waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka. Jeneza lilipotolewa nikajilaza njiani nikasema Mzaramo huyu haendi popote mpaka aamke, aniambie kwa nini ameondoka bila kumuaga Mnyamwezi wake. Wajomba zako wakanibembeleza. Shehe akasema, "Maganga, basi, jua linatuacha." Nikainuka.

Hapo ndipo nilipogundua jambo, Kondo. Nilikuwa nimetoa matusi yangu yote mazuri, yale ya kuwekea akiba, na wewe kimya. Miaka yote hii nikikwambia Wazaramo mnauza shamba mkacheze ngoma, unanijibu kwamba sisi Wanyamwezi tulizaliwa na mzigo kichwani ndiyo maana hatuna shingo. Safari hii nilitukana, nikasubiri. Nikasubiri tena. Utani wa upande mmoja, bwana, watu wanauita uchizi.

Basi nikarudi Kibaha, nikajifungia kwenye chumba chako cha uani. Stesheni yako ya Ruvu ilikuwa palepale juu ya meza mbili: reli, jengo la tiketi, mabehewa ya bati la makopo, wasafiri warefu kama kucha ya dole gumba. Kichwa cha treni tu ndicho kilikuwa hakijaisha, kimelala chali matumbo nje kama mgonjwa aliyekimbiwa na daktari.

Unajua ulivyonitesa na stesheni hiyo? "Kila kitu kigawe kwa themanini na saba," ulikuwa ukiimba. Mlango wa kweli gawa, dirisha gawa, msumari gawa. Mimi na hesabu tuliachana darasa la sita kwa ugomvi, lakini ukanirudisha darasani na mvi zangu. Na hukuishia kwenye misumari. Nikikusimulia enzi zangu za utingo wa maroli, jinsi nilivyokula meza moja na waziri kule Lubumbashi, ulikuwa unafumba macho, unahesabu kwa vidole, halafu unasema, "Nimegawa. Imebaki: ulimwona mlinzi wa hoteli, kwa mbali."

Ulisema vumbi la Ruvu halifai kumwagwa hivi hivi, maana chembe moja ya kweli kwenye stesheni yetu ni jiwe. Ukalichekecha kwa mtandio wa mkeo, shemeji Tatu, ukalichekecha tena, mpaka likawa kama pumzi, mtandio ukawa haufuliki. Ukanipeleka Ruvu kusimama kandokando ya reli na kipande cha bati ulichokipaka rangi. Behewa likipita unakinyanyua, unalinganisha. "Bado nyekundu mno. Jua halijaiunguza." Tunarudi nyumbani, unapaka upya, tunakwenda tena. Mtu mmoja aliniuliza yule bwana anafanya nini, nikamwambia ni fundi cherehani, anaipimia treni suruali.

Sasa habari yenyewe. Shemeji Tatu yuko eda, kwa hiyo anazungumza nami kutoka nyuma ya pazia, na sauti ya nyuma ya pazia, ndugu yangu, haina mzaha. Aliniambia hivi: "Shemeji Maganga, chumba hiki ndicho chenye joto. Nataka kuweka vifaranga, nipate cha kujishughulisha. Siku ya arobaini watu watakuja. Treni ya marehemu ikitembea mbele yao, stesheni ibaki. Isipotembea, meza zitoke."

Vifaranga, Kondo! Kuku wanye kwenye paa la ofisi ya tiketi uliyoipaka chokaa kwa unyoya!

Nikawaambia watu wote Kibaha kwamba kazi ile ni ya jioni moja, mimi nimefungua injini za maroli nimefumba macho. Haikuwa ya jioni moja. Nilichomoa mota kwenye mashine ya kunyolea, nikaifunga, treni ikaruka mezani ikaingia kwenye ndoo. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: umbo likipunguzwa, na mwendo upunguzwe. Nikahangaika na waya mpaka ikatembea ule mwendo wako, taratibu, mtu anaweza kuipikia chai.

Nilipokuwa natafuta bisibisi kwenye boksi lako, nikakuta kiberiti. Ndani yake pamba. Ndani ya pamba, mtu.

Nilimjua kabla sijavaa miwani. Shati la drafti. Kidole kimoja juu, ameinama mbele, mdomo wazi, anasimulia. Mimi! Nikajisikia fahari, nikasema huyu Mzaramo kumbe ana adabu. Halafu nikamtazama vizuri. Miguu sawa, mikono sawa, hata kifungo kilichokatika cha shati umekiacha kimekatika. Lakini kichwa! Kichwa umekitia ukubwa wa boga la futari. Nikajaribu kujiingiza kwenye mlango wa ofisi ya tiketi, mwili ukapita, kichwa kikagoma.

Mtu ambaye alichekecha vumbi hawezi kukosea kichwa. Nikachukua tupa, nikasema nakirekebisha, si wewe uliyenifundisha kwamba kitu kikizidi hata unywele ni uongo? Nikaiweka tupa kwenye upara wangu mdogo. Mkono ukakataa. Nilikaa kwenye kigoda chako nikacheka, na katikati ya kicheko sijui kilitokea nini, nikawa natafuta leso. Ulikuwa umenijibu, Kondo. Nilidhani nimetukana udongo, kumbe jibu lilikuwa limeshatangulia, liko kwenye pamba.

Siku ya arobaini ikafika. Kisomo kikaisha, watu wakala pilau. Dada yako Chiku alikuja kutoka Kurui. Kwa ajili ya wasiomjua nilimtangaza: huyu ndiye aliyeuza machungwa pale Ruvu ujana wake wote, stesheni yoyote itakayodanganya leo itakamatwa. Akainama juu ya meza, akakagua. "Kivuli, ndiyo, tulikaa upande huu. Ungo wangu huu. Hee, na kanga yangu ya zambarau!" Akajifuta macho kwa kanga aliyovaa.

Mimi nilikuwa nimejiwekea heshima ya mwisho. Sikuwa nimejipandikiza kwenye jukwaa la stesheni, nilitaka nifanye hivyo hadharani, kwa hotuba. Ulikuwa umenitobolea tundu ukingoni kabisa, karibu na reli. Nikajisimamisha nikiwa nimeitazama treni, kifua mbele, kama mkuu wa stesheni anayepokea rais. Kijiti cha miguuni kilikuwa kigumu kuingia, nikakilazimisha kwa koleo. Nikawasha.

Ikaja, Kondo. Taratibu, behewa moja moja. Ikaingia stesheni, na kichwa cha treni kikagonga kichwa changu. Pa! Mabehewa yakalala yote ubavu.

Kutoka nyuma ya pazia shemeji akasema kwa upole ulionichoma, "Si neno, shemeji. Umejitahidi." Na mwenye mabanda, fundi wa mabanda ya kuku aliyeitwa na shemeji, akakohoa pale mlangoni. Alikuwa ameshakuja na wavu wake, jitu lisilo na haya.

Ndipo dada Chiku akapiga kelele. "We Maganga! Nani kakuweka hivyo? Mgeuze!"

"Dada, nimeitazama treni, kama msafiri mwenye akili zake."

"Akili zipi? Siku ile uliipa treni mgongo! Unapiga domo na mimi, unakula machungwa yangu huku unanisimulia Lubumbashi. Treni ikapiga honi, ukasema itanisubiri, dereva ananijua. Ikaondoka na begi lako! Kondo akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akakuchukua nyumbani ukalale. Mgeuze!"

Watu walicheka mpaka mwenye wavu akacheka. Na mimi kisa hicho, unajua, kwa watu wote wa Kibaha nimekuwa nikikisimulia kwamba Ruvu niliamua kushuka kwa hiari yangu, nimependa mandhari.

Nikajigeuza pale mezani. Nikaipa reli mgongo, uso kwa muuza machungwa. Kijiti kikazama chenyewe, tik, bila koleo. Nikayasimamisha mabehewa, nikawasha. Treni ikapita nyuma ya kisogo changu, katikati pamebaki nafasi ya karatasi. Haikunigusa. Uliipima nafasi ile, mwanaharamu wewe. Ulikipima kichwa, ukapima na kiburi kilichomo.

Pazia la shemeji likatikisika kidogo. Kisha, "Ipitishe tena." Nikaipitisha. "Tena." Sijui nilipitisha mara ngapi. Mwisho nikasikia anapenga kamasi, halafu akamwita mwenye mabanda, akamwambia banda la vifaranga alipime pale jikoni.

Basi, mtani, hiyo ndiyo habari. Imebaki ahadi yangu.

Umemweka kila mtu pale Ruvu, ukajisahau mwenyewe. Shemeji alinipa suruali zako nizigawe kwa wenye uhitaji, na kabla sijazigawa nimezipima. Wewe bwana vipimo, uliyekuwa ukijinadi kwa watu kwamba una futi sita! Kwa nini suruali zinasema vingine? Nimechonga kimtu cha kwanza nikakivunja, cha pili nikakivunja, mkono wangu haujawa wako. Lakini nitakupata. Nitakutengeneza kwa urefu wako halisi, sitakuongeza hata unene wa rangi, nikuketishe chini pale jukwaani, unacheka kama siku ile treni iliponiacha. Na mtu akiuliza huyu mfupi ni nani, nitamwambia ni Kondo, na alikuwa hivyo hivyo.

Lala salama, Mzaramo. Sasa zamu yako kujibu, na mimi sina haraka.

Mnyamwezi wako,
Maganga