Homoni ya Kuamsha Miguu

Jovitha, uko hapo? Nimetoka sasa hivi kwa kaka Onesphory, Muleba.

Wifi alikuwa ameita nyumbani mtu anayejiita "daktari", mwenye homoni ya kuamsha miguu. Tangu kaka aanguke kutoka kwenye mparachichi, akaumia uti wa mgongo na miguu ikapooza, wanamwamini kila mwenye koti jeupe.

Nikaomba nikione kichupa. Jovitha, ni ile sindano yetu ya miezi mitatu. UZAZI WA MPANGO!

Nikasema taratibu, "Daktari, hii mimi huchomwa kliniki."

Akajibu bila aibu, "Kwa mwanamke inazuia mimba, kwa mwanamume inaamsha mgongo."

Inaamsha mgongo!

Kaka akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu daktari, kwa hiyo nisipotembea, angalau sitabeba mimba."

Tulicheka mpaka yule bwana akapanda pikipiki na homoni zake.

Halafu kaka akaniuliza, "Klaudia, kwani homoni ya kweli haipo?" Nikamweleza nilivyosoma: watafiti bado wanajaribu, haijawa tiba. Akaitikia tu.

Alikuwa ameshakunja mkono wa shati kungoja ile sindano, Jovitha. Mpaka naondoka hakuwa ameukunjua.