Njia ya Kwenda Chemchemini

Dada yangu Verna,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Natumaini mikono yako haikusumbui tena, na kwamba joto la Phoenix limewahurumia kidogo. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Kondoo wamebaki kumi na wanne, mbweha wa mwaka huu hawana haya hata kidogo. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu. Ningeweza kupanda kilimani penye mtandao nikakupigia, lakini kwenye simu wewe hulia na mimi hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza.

Raelyn wako bado yuko hospitali. Jumanne daktari alinikalisha chini akaniambia kwamba figo zake zote mbili zimekwisha, na kwamba ile mashine ya kusafisha damu sasa ni ya kudumu, mara tatu kwa wiki. Nilimwuliza kama mtoto atakimbia tena. Akaangalia viatu vyake, kisha akasema tuzungumze kwanza habari ya kuishi. Nikamwambia achukue figo yangu. Walinipima, wakarudi na sura za msibani: na mimi zangu zimeharibika, zinafanya kazi nusu nusu. Wewe una sukari. Mama ana miaka sabini na tisa. Ipo orodha ya watu wanaosubiri figo za watu wasiowajua, na binti yetu yuko mkiani.

Uliponiachia mtoto akiwa na miaka minane, uliniambia nimlee kama mjomba, nisijifanye rafiki yake. Kazi ya mjomba unaijua, sisi wenyewe tulitolewa kitandani kabla ya jua na mjomba wetu, theluji au la, tukakimbizwa kuelekea mashariki ili maisha yatukute tukiwa na nguvu. Na mashariki ya nyumba ya Mama kuna njia moja tu, ile ya malori ya zamani ya machimbo ya urani. Inapanda kwenye miamba myekundu, inapita mdomo wa mgodi waliouziba kwa zege, inazunguka lile lundo la mchanga wa kijivu, halafu inashuka hadi kwenye chemchemi chini ya jabali. Baba aliitembea miaka kumi na miwili, akirudi na vumbi la njano kwenye mapindo ya suruali, na Mama akilifua kwa mikono. Tunajua kilichompata. Lakini alfajiri miamba ile huwaka rangi mpaka mtu anasahau kilichochimbwa humo. Ningekuwa mwongo nikisema sikuipenda.

Na Raelyn aliipenda kuliko mimi. Alipofika miaka kumi na minne sikumwona tena ila kisogo. Alikuwa ananisubiri chemchemini amekaa juu ya jiwe, midomo imelowa, ananiambia, “Mjomba, ulianza safari leo au jana?” Tunakunywa kwa viganja, tunacheka, tunarudi. Medali zote zile Mama alizotundika ukutani zilitoka kwenye njia hiyo.

Mara ya mwisho tulipoongea ulisema kwamba ni damu yako. Ulisema sukari yako ndiyo iliyomla mtoto tumboni, na kwamba hukupaswa kuzaa. Ulilia hadi simu ikaisha chaji, nami sikusema kitu. Nilishukuru, Verna. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba umepata mtu wa kumlaumu na si mimi.

Sasa nisikilize. Unakumbuka mwaka Raelyn alipovunja ungo, ulipokuja na mashangazi wakaoka ule mkate mkubwa wa mahindi ndani ya ardhi. Wiki moja kabla hujafika, walikuja watu wawili na gari jeupe na kile kimashine cha kupimia mionzi kinacholia tik-tik. Walipima lundo, wakapima chemchemi, wakachimbia kibao chenye maandishi mekundu: hatari, maji haya yasinywewe. Walisema watarudi kutueleza. Hawakurudi.

Kwa mila yetu mtoto alikuwa akimbie njia hiyo siku nne, kila siku mbali zaidi, na siku ya nne afike majini. Unajua sisi hatusemi jambo baya mbele ya msichana aliye katika siku hizo, maana kulitaja ni kuliita. Na mimi nilikuwa naona neno hatari limesimama mwisho wa njia yake, linamsubiri. Basi nilikwenda peke yangu nikaking'oa. Nilikigeuza, nikakigongomea kwenye paa la zizi. Alipofika siku ya nne, nyote mkiwa nyuma yake mnashangilia bila kumpita, alikunywa wa kwanza. Nilijiambia sherehe ikiisha nitakirudisha. Ilipoisha alikuwa ameshapapenda, halafu akaanza kushinda, nami nikajiambia kwamba Baba hakufa kwa maji, alikufa kwa kifua. Miaka mitano.

Daktari hakuapa kwamba ni maji. Aliniuliza tu kama kuna mahali mimi na mtoto tulikunywa pamoja. Nikasema hapana. Kesho nitarudi kumwambia ukweli, ingawa amesema wazi kwamba figo zilizokufa hazifufuki. Kibao nimekirudisha.

Acha kujilaumu. Si damu yako. Msamaha sikuombi, sijui ningeufanyia nini.

Yeye hajui bado. Anaruhusiwa vikombe vitatu vya maji kwa siku, na Alhamisi aliniomba kimoja kiwe cha chemchemi, kwani ya hospitali yananuka bomba. Nilimnunulia chupa ya maji duka la pale chini, nikayamimina kwenye kibuyu chetu cha mbio. Alikunywa taratibu, macho amefumba. Akaniambia, “Haya ndiyo yenyewe, Mjomba. Haya yataniponya.”

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini. Wasalimie wenzako wa kazini. Ukija, nitakungoja kituo cha basi, na kama hutaki kupanda gari langu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Leland